Sabufa kwenye gari dogo: pima lita kabla ya inchi

Mtu akinunua Vitz, IST, Passo au Demio iliyotoka Japani, kitu cha kwanza kubadilishwa ndani yake mara nyingi ni redio. Redio ya kwao mara nyingi husoma FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na vituo vyetu vimejipanga kuanzia 88 hadi 108, kwa hiyo ama ifungiwe kigeuza masafa au itolewe kabisa. Gari likishafika kwa fundi redio, mazungumzo huhamia kwenye sabufa, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Mwenye gari la tani moja kasoro anauziwa boksi lenye sabufa mbili za inchi 12. Buti linaisha, gari linainama nyuma, betri inakufa baada ya miezi michache, na muziki wenyewe ni mvumo wa noti moja.

Si lazima iwe hivyo. Gari dogo ni mahali pazuri sana pa kusikilizia besi, na sabufa moja ndogo kwenye boksi jepesi lililopimwa vizuri inalitosha. Yafuatayo ni maswali ambayo wenye magari huuliza zaidi, pamoja na majibu yatakayokusaidia kuzungumza na muuzaji na fundi ukiwa unajua unachotaka.

Spika za mlangoni zina kasoro gani mpaka niongeze sabufa?

Sikio la binadamu husikia sauti kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000. Spika ya mlangoni ya inchi 6.5, hata ikiwa nzuri, huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi 80. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutoa hezi 41 ukipigwa bila kubanwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mpiga besi kwenye muziki wa dansi, pamoja na mdundo wa chini wa amapiano, iko mahali ambapo spika ya mlango haifiki. Ukiongeza sauti ili uipate, spika inajitahidi, inakoroma na mwishowe inachanika.

Sabufa inachukua kazi hiyo ya chini. Faida yake ya pili watu huisahau: spika za milango zikiondolewa mzigo wa besi, sauti ya mwimbaji husikika safi zaidi. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huweka kizuizi cha hezi 80 pande zote mbili. Kitufe kilichoandikwa LPF huiachia sabufa yaliyo chini ya hapo, na kilichoandikwa HPF huziachia spika za milango yaliyo juu. Redio nyingi za kisasa zina mipangilio hii ndani yake na haiongezi gharama yoyote. Muulize fundi wako kama ameiweka.

Gari likiwa dogo, besi haipungui?

Inaongezeka. Hili ni jambo ambalo kila mwenye gari dogo angepaswa kulijua kabla ya kuingia dukani.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye hewa yenye nyuzi joto 20. Wimbi la hezi 40, kwa hiyo, lina urefu unaozidi mita 8. Chumba cha gari dogo, kuanzia kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, kina mita mbili na nusu hivi. Urefu wa wimbi ukizidi mara mbili ya urefu wa chumba, wimbi halipati nafasi ya kusafiri humo ndani. Koni ya sabufa inakuwa inaminya na kulegeza hewa yote ya gari kwa wakati mmoja, nawe unausikia mgandamizo huo mwili mzima.

Kwa hesabu ya fizikia, kuanzia kiwango hicho kwenda chini besi huweza kupanda hadi desibeli 12 kila masafa yanapopungua kwa nusu. Mabati yanayocheza na mianya ya milango hupunguza sehemu ya ongezeko hilo, lakini linabaki kubwa. Katika chumba cha mita 2.5 huanza kwenye hezi 69 hivi. Katika chumba cha mita 3.5 halianzi mpaka ushuke kwenye hezi 49. Mwenye gari refu analazimika kununua kwa pesa besi ambayo mwenye Vitz anapewa bure na umbo la gari lake.

Basi ninunue inchi ngapi?

Kinachotengeneza besi ni hewa inayosukumwa, yaani eneo la koni mara urefu wa mwendo wake. Koni ya sabufa ya inchi 8 ina takriban sentimita za mraba 210, ya inchi 10 ina 330, na ya inchi 12 ina 480. Sabufa mbili za inchi 8 zinakaribia inchi 12 moja, na huingia kwenye nafasi ambayo inchi 12 haiingii.

Kwa gari la familia lenye buti linalobeba mizigo ya sokoni, inchi 10 moja ndiyo chaguo langu. Kwa dereva wa teksi mtandao ambaye abiria wake huja na masanduku, inchi 8 inatosha. Inchi 12 kwenye gari la aina hii sioni sababu ya kuitetea, isipokuwa kwa mtu anayetaka gari la maonyesho na yuko tayari kuishi bila buti.

Zipo pia sabufa za umbo la bapa, zilizotengenezwa ili ziingie kwenye boksi jembamba nyuma ya siti. Ni nzuri, ila pima kina chake kwa rula na usiishie kuamini neno la muuzaji. Angalia pia sumaku. Sumaku ya kawaida ya feraiti ni nzito, na sabufa ya inchi 12 yenye sumaku kubwa ya aina hiyo huweza kufika kilo 8 na zaidi. Sumaku ya neodimiamu hutoa nguvu ileile kwa uzito mdogo sana. Udhaifu wake ni joto: neodimiamu ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu ikikaribia nyuzi 80, na koili inayofanya kazi kwa nguvu ndani ya gari lililoshinda juani inaweza kusogea huko. Ukiinunua, usiikamue mpaka mwisho wa uwezo wake.

Boksi lililozibwa au lenye tundu?

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Sabufa nzuri kwenye boksi baya itapiga vibaya, na sabufa ya bei ya kati kwenye boksi lililopimwa itakufurahisha kwa miaka.

Mwaka 1954 kampuni ya Acoustic Research ya Cambridge, Massachusetts, Marekani, ilitoa spika iitwayo AR-1 iliyobuniwa na Edgar Villchur. Wakati huo besi nzuri ilihitaji kabati kubwa. Villchur aliziba boksi dogo kabisa ili hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi na kuirudisha koni mahali pake. Boksi la sabufa lililozibwa tunalofunga kwenye magari leo linafuata wazo hilohilo.

Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH mwaka 1957, anakumbukwa kwa kanuni ambayo mafundi wa spika huiita sheria ya chuma. Inasema kuna mambo matatu ambayo kila mtu anayataka: boksi dogo, besi inayoshuka chini sana, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Unaweza kupata mawili. La tatu lazima uliache. Muuzaji anayekuahidi yote matatu kwa bei ya chini anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa.

Sasa linganisha mambo mawili. Boksi lililozibwa, chini ya kiwango chake cha mtetemo, hupoteza desibeli 12 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Chumba cha gari dogo, kama tulivyoona, huongeza desibeli zinazokaribia hizohizo. Kinachopotea kwenye boksi kinarudishwa na gari. Matokeo yake ni besi iliyonyooka, inayofuata kila noti, kutoka kwenye boksi la lita 15 hadi 20 tu kwa sabufa ya inchi 10. Inchi 8 hutosheka na lita 8 hadi 12.

Boksi lenye tundu hupata sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, kwa sababu hewa ya kwenye tundu nayo hupiga. Lakini inchi 10 hiyohiyo itataka lita 30 hadi 40, na inchi 12 lita 45 hadi 60. Upana na urefu wa tundu lazima vikokotolewe, kwani ndivyo vinavyoamua besi itapigia wapi. Tundu likikatwa kwa kukadiria, boksi hupiga noti moja kwa kishindo na kuzimeza nyingine. Mvumo unaousikia kwenye magari mengi yanayopita mtaani ni huo. Chini ya masafa ya tundu, koni hukosa hewa ya kuizuia na inaweza kujipiga mpaka ikavunjika. Kwa singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, boksi lililozibwa hufuata ngoma moja moja, wakati boksi la tundu lililokosewa huziunganisha zote kuwa ngurumo.

Si kila sabufa inafaa kwa kila boksi. Karatasi ya sabufa ya kweli ina vipimo vya Thiele na Small, vilivyopewa majina ya Neville Thiele wa Australia na Richard Small aliyeendeleza kazi yake. Tafuta namba iliyoandikwa Qts. Ikiwa kati ya 0.4 na 0.7, sabufa hiyo inafaa boksi la kuzibwa. Ikiwa chini ya hapo, ilitengenezwa zaidi kwa ajili ya tundu. Kama hakuna karatasi wala namba, huna njia ya kujua, na afadhali utafute nyingine.

Nawezaje kumpa seremala vipimo?

Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Mpe vipimo vya ndani, si vya nje, maana unene wa mbao hula nafasi. Boksi lenye urefu wa sentimita 42, kimo 28 na kina 16 kwa ndani lina lita 18.8. Mwili wa sabufa yenyewe hula lita moja hadi moja na nusu, hivyo unabakiwa na lita 17 na ushee, zinazotosha kabisa kwa inchi 10. Nje, kwa mbao ya milimita 15, linakuwa sentimita 45 kwa 31 kwa 19. Boksi la namna hiyo linasimama pembeni ya buti la IST na bado ndoo ya maji inapata nafasi.

Mbao ndiyo inayoamua uzito. MDF ya milimita 18 ina uzito wa karibu kilo 13 na nusu kwa kila mita ya mraba. Boksi nililotaja hutumia nusu mita ya mraba na ushee, kwa hiyo kwa MDF litakuwa na kilo 7 hivi. Kwa plaiwudi nzuri ya milimita 12, likiwekewa kipande cha kukazia katikati, litakuwa na kilo 4 na nusu. Boksi dogo lililozibwa lina kuta fupi, na kuta fupi hazichezi ovyo, kwa hiyo halihitaji mbao nene kama boksi kubwa. Plaiwudi ina faida nyingine kwetu watu wa pwani: haivimbi upesi. MDF ikinyonya maji yanayopenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma wakati wa masika hujaa na kuachia skrubu. Chipubodi usiikubali kabisa.

Kila kiungo kiwekwe gundi ya mbao na skrubu, kisha silikoni ipakwe ndani kwenye pembe zote. Silikoni inayonuka siki iachwe ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa, kwa sababu mvuke wake hula metali. Kazi ikiisha, jaribu mwenyewe. Weka viganja viwili kwenye koni, upande huu na huu, uisukume ndani taratibu na sawasawa, halafu iachie. Boksi lililozibwa vizuri huirudisha koni polepole. Koni ikiruka na kurudi ghafla, kuna mahali panavuja hewa. Fundi asikwambie haina neno. Boksi linalovuja halina springi, na sabufa yako itakufa mapema.

Kilo 40 za muziki zina madhara gani kwa gari?

Watu wengi hujibu swali hili kwa kufikiria mafuta tu, na kweli tofauti ya mafuta si kubwa. Tatizo liko kwingine.

Chukua cheti cha usafirishaji kilichokuja na gari kutoka Japani. Utaona namba mbili za uzito: uzito wa gari lenyewe na uzito wake wa jumla. Japani hupata uzito wa jumla kwa kuongeza kilo 55 kwa kila mtu anayeruhusiwa kukaa. Gari la watu watano, basi, limehesabiwa kubeba kilo 275 za abiria. Pakia watu wazima watano wenye kilo 70 kila mmoja na umeshafika 350 kabla ya begi hata moja. Sasa ongeza boksi la MDF la sabufa mbili za inchi 12: mbao kilo 20 na zaidi, sabufa zenyewe kilo 16, ampu (kikuza sauti) na nyaya zake. Unazidi kilo 40, zote zikiwa nyuma ya ekseli au juu yake. Springi na shokabsoba za nyuma huchoka, taa za mbele huelekea juu na kuwachoma macho wanaokuja, na breki zinafanya kazi ambayo hazikupimiwa.

Mfumo wa sabufa moja ya inchi 10 kwenye boksi la plaiwudi, pamoja na ampu ndogo ya kisasa ya daraja D, unaweza kukaa ndani ya kilo 12. Tofauti hiyo utaihisi kwenye matuta ya kila siku.

Zaidi ya uzito, kuna namna boksi linavyofungwa. Boksi la kilo 25 lililowekwa tu kwenye buti, gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, lina nguvu sawa na boksi hilo likidondoshwa kutoka karibu mita 10 juu, yaani ghorofa ya tatu. Gari likigonga na kusimama, boksi halisimami. Kwenye gari la aina hii hakuna kitu kati ya buti na vichwa vya watoto wako isipokuwa mgongo wa siti unaokunjika. Lifunge kwa mikanda au mabano ya chuma yaliyokazwa kwenye mwili wa gari. Jambo hili ninalisisitiza kuliko ubora wa sauti.

Gari langu lina mtungi wa gesi kwenye buti. Nifanyeje?

Dar es Salaam swali hili limekuwa la kila siku tangu magari madogo yaanze kufungwa mfumo wa gesi asilia. Mtungi wa chuma wa lita 60 una takriban kilo 60 peke yake. Usiongeze boksi juu yake, usifunge chochote kwenye mtungi au mabano yake, na usiruhusu fundi redio atoboe sakafu ya buti au apitishe waya wa umeme sambamba na bomba la gesi.

Kwako wewe ipo sabufa ya chini ya siti. Ni kasha bapa la alumini lenye unene wa sentimita 7 hadi 8, ampu yake ikiwa humohumo ndani. Pioneer, Kenwood na JBL ni baadhi ya wanaotengeneza aina hii. Haitatikisa vioo vya jirani. Itajaza pengo ambalo spika za milango zimeliacha, na kwa mtu anayesikiliza taarabu, kwaya au bongo fleva akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Pima nafasi chini ya siti ikiwa imesogezwa mbele na nyuma, kwani chuma cha reli hushuka chini kuliko unavyodhani, na angalia njia ya hewa ya AC isije ikazibwa.

Kuna wanaotaka kuweka sabufa kwenye shimo la tairi la akiba. Sauti hutoka vizuri, lakini utapata pancha Chalinze saa mbili usiku. Tairi libaki.

Ampu imeandikwa wati 3000. Niamini?

Hapana. Tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa ampu. Ikiwa na fyuzi moja ya ampea 30, zidisha kwa volti 13.8 za gari linalounguruma: inaweza kuvuta wati 414 tu. Ampu ya daraja D hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme huo kuwa sauti, kwa hiyo utapata wati 330 hivi. Ya daraja AB hugeuza nusu au zaidi kidogo, nawe utapata kama 220. Hakuna maandishi ya rangi ya dhahabu yanayoweza kuipita hesabu hiyo.

Namba unayoitafuta ni ya RMS, yaani wati ambazo kifaa hutoa au huhimili mfululizo. Ukiona alama ya CEA-2006 ni vizuri zaidi: ina maana ampu imepimwa kwa volti 14.4 na omu 4, na uchafu wa sauti haukuzidi asilimia moja. Kwa sabufa ya inchi 10 kwenye gari dogo, wati 150 hadi 300 za kweli zinatosha. Kutoka 300 kwenda 600 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike mara mbili, kwa kawaida unahitaji wati mara kumi. Linganisha pia omu. Ampu inayokubali mwisho omu 2 ikifungiwa sabufa yenye koili mbili zilizounganishwa hadi omu 1, inaweza kuungua.

Na kama redio yako haina matundu ya kutolea sabufa, usikimbilie kununua redio mpya. Tafuta ampu inayopokea mawimbi kutoka kwenye nyaya za spika.

Betri ndogo itahimili?

Alteneta za magari haya mara nyingi hutoa ampea 60 hadi 80, na betri ya NS40 iliyozoeleka ina takriban ampea-saa 35. Ampu ya daraja D ya wati 300 huvuta ampea 27 hivi ikifika kileleni, na wastani wake kwenye muziki wa kawaida uko chini zaidi. Hilo linahimilika. Ampu ya wati 1,000 za kweli kwenye foleni, mvua ikinyesha, taa, AC na waipa vyote vikifanya kazi na injini ikizunguka taratibu, haihimiliki.

Injini ikizimwa hesabu hubadilika. Ampu ikila wastani wa ampea 10, nusu ya betri itakuwa imekwisha kabla saa mbili hazijatimia. Muziki wa ufukweni upigwe injini ikiwaka, au usiwe mrefu.

Sabufa ya nyumbani haiwezi kufungwa kwenye gari?

Inafungwa, na utaiona kwenye bajaji. Imetengenezwa kwa sebule isiyotikisika, mbao zake ni nyepesi mno, na ikihitaji inveta unapoteza umeme njiani. Kwa pesa hiyohiyo ya kuhangaika nayo utapata sabufa ya chini ya siti iliyotumika na bado nzima.

Sheria na masikio

Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na Kenya ina zake za mwaka 2009. Muziki wa gari haukusamehewa. Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani linapendekeza usizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Ukipanda hadi 90, muda salama unabaki saa 4 tu kwa wiki. Dereva anayeshinda ndani ya gari kutwa nzima azizingatie namba hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto akiwa siti ya nyuma, punguza, kwani yeye ndiye aliye karibu na boksi.

Ufungaji: jambo gani nisilikubali kamwe?

Waya mwekundu unaotoka kwenye betri bila fyuzi. Betri ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya huo hupita kwenye ukuta wa injini, chini ya zulia na chini ya siti hadi nyuma. Ukichubuka mahali popote ukagusa bati, unakuwa jiko la umeme ndani ya gari lenye mafuta. Fyuzi iliyo kwenye ampu haisaidii, kwa sababu iko mwisho wa safari. Fyuzi inayokulinda ni ile iliyo karibu na betri, ndani ya sentimita 45.

Kwa ampu ya wati 300, waya wa shaba wa geji 8, wenye karibu milimita za mraba 8, unafaa, pamoja na fyuzi ya ampea 30 au 40. Kwa wati 500 tumia geji 4. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi. Inaweza kutumika ikiwa nene zaidi, lakini isiuzwe kwa bei ya shaba. Tundu la kwenye ukuta wa injini liwe na mpira. Waya wa ethi uwe mfupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Waya wa sauti upite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, usije ukasikia mlio wa alteneta kila unapokanyaga mafuta.

Ikiwa gari lako tayari lina sabufa, fungua boneti leo na uufuate waya mwekundu kutoka kwenye betri. Usipoiona fyuzi kabla waya haujaingia ndani ya gari, chomoa waya huo kwenye betri na usiurudishe mpaka fundi aiweke.